Umri wa Dawa Si Ushahidi

Kila mjadala wa dawa za mitishamba ukifika penye ugumu, watetezi wake hukimbilia Asia. Jana ilikuwa China na India, siku hizi ni Thailand. Tunaambiwa: watazameni Wathai, wametumia mizizi na majani yao kwa mamia ya miaka, serikali yao imeyaingiza hospitalini, maprofesa wao wameyapeleka maabara, na sayansi imekubali kile ambacho wazee walikijua tangu zamani. Kutoka hapo hitimisho hujileta lenyewe: dawa iliyopita mikononi mwa vizazi na vizazi haina haja ya kuthibitishwa na mtu, na anayedai majaribio ama amelewa fikra za kikoloni au ametumwa na kampuni za dawa.

Naipinga hoja hiyo, na naipingia hukohuko Thailand inakoegemea. Watafiti wa nchi ile wamefanya kazi kubwa juu ya mitishamba yao. Lakini ukiisoma kwa makini utakuta inasema karibu kinyume cha yale inayosingiziwa. Thamani yake kubwa imo pale ilipowaambia Wathai kwamba wazee walikosea, au kwamba waliona nusu tu, au hata kwamba watafiti wenyewe wamekosea hesabu.

Urithi wenyewe nauheshimu, na sina ugomvi nao. Katika hekalu la Wat Pho jijini Bangkok, Mfalme Rama III aliamuru katika miaka ya 1830 elimu ya tiba ichongwe kwenye mabamba ya mawe: maradhi, michanganyiko ya dawa, michoro ya mwili kwa ajili ya kuukanda. Elimu ambayo kwingineko ilifichwa ndani ya koo za waganga, pale iliwekwa ukutani asome kila ajuaye kusoma. Mwaka 2011 UNESCO iliyaingiza maandishi hayo katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia, na yanastahili. Hospitali ya Siriraj ilipoanza mwaka 1888, tiba ya Kithai na ya Kizungu zilifundishwa pamoja. Mwanzoni mwa karne ya 20 ile ya Kithai ikatolewa darasani, ikabaki kwa waganga wa vijijini na kwenye mahekalu. Azimio la Alma-Ata la 1978 juu ya afya ya msingi liliirudishia heshima. Dawa za mitishamba ziliingia katika Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu mwaka 1999, na mwaka 2002 Wizara ya Afya ikaanzisha idara nzima ya kuiendeleza tiba hiyo.

Hakuna anayeweza kusema Wathai wanaona haya na mambo yao. Ndiyo maana yafuatayo yana uzito.

Kuna mzizi uitwao krai khrue, utokao kwenye mimea itambaayo ya jamii ya Aristolochia. Ulikuwamo katika michanganyiko mingi ya zamani ya Kithai, na hakuna aliyeutilia shaka. Kwa kipimo cha umri wa dawa, krai khrue ulifaulu kwa alama zote. Ndipo mwanzoni mwa miaka ya 1990, mbali kabisa na Thailand, madaktari wa Brussels walipoanza kupokea wanawake ambao figo zao zilikuwa zinakufa kwa kasi isiyoeleweka. Wote walikuwa wamepita kliniki moja ya kupunguza unene, wakapewa vidonge vyenye mitishamba ya Kichina, na ndani yake mzizi mmoja ulikuwa umebadilishwa na mwingine wa jamii ya Aristolochia. Idadi yao ilipita 100. Baadaye wagonjwa 39 walikubali kuondolewa figo na mirija ya mkojo iliyokwisha kuharibika, na 18 kati yao wakakutwa tayari wana saratani. Kemikali inayohusika, asidi ya aristoloki, hujishikiza kwenye vinasaba vya seli na kuviharibu. Leo inahesabiwa miongoni mwa vitu ambavyo havina mjadala kuwa vinasababisha saratani kwa binadamu.

Mfikirie sasa mganga wa kijiji wa Thailand, mtu mwema, mwangalifu, mwenye kumbukumbu nzuri, aliyeurithi mzizi huo kwa babu yake. Mgonjwa anakuja ana homa, anapewa dawa, wiki ileile anaamka. Mganga ameona kwa macho yake na hasemi uongo. Miaka 7 baadaye mtu yuleyule anaanza kuvimba miguu na kukojoa damu, na anapelekwa kuzikwa kwa ugonjwa ambao hakuna anayeuhusisha na homa ya zamani. Kati ya kunywa na kufa zimepita mvua nyingi mno. Mganga angewezaje kuunganisha? Hata angeishi miaka 200 asingeona, kwa sababu jicho la mtu mmoja, na hata la ukoo mzima, halina njia ya kuwalinganisha waliokunywa na wasiokunywa, kisha kuwafuata wote hadi mwisho wa maisha yao.

Wazee wetu husema kuishi kwingi kuona mengi. Ni kweli, na katika mengi hayo yamo yanayotokea haraka: jani linalofunga tumbo, mzizi unaotapisha, mmea unaoua kabla ya jua kuzama. Katika hayo mapokeo ni shahidi mzuri, na ningemwamini mganga kuliko profesa ambaye hajawahi kuuona mmea ukiwa shambani. Ila kwa madhara yanayochelewa, mapokeo ni kipofu, na upofu huo hauponi kwa kuongeza karne.

Mamlaka za Thailand ziliuondoa krai khrue. Hazikuifuta michanganyiko yenyewe. Ziliutoa mzizi huo na kuacha vingine vyote. Wanaolia kwamba utafiti unaua urithi watuambie hapo urithi gani umeuawa.

Kuna ushahidi wa aina nyingine unaopendwa zaidi hata ya umri: “Nilitumia, nikapona.” Hapa pia Thailand ina jambo la kutufundisha, na ni jambo la kusikitisha. Vijijini, hasa kaskazini-mashariki ambako watu huinama mashambani toka asubuhi hadi jioni, kumekuwa na soko kubwa la tembe za mviringo zinazofinyangwa kwa unga wa mitishamba. Huuzwa kwa maumivu ya mgongo, magoti na viungo. Mkulima anameza, siku ya pili anatembea wima. Anamwambia jirani, jirani anamwambia mwenzake, na kila mmoja anasema kweli tupu. Wakaguzi wa afya walipozipima, mara nyingi walikuta ndani yake deksamethasoni au prednisoloni, dawa kali za kiwandani za jamii ya steroidi, zilizotiwa kwa siri. Nafuu ni ya kweli. Baada ya miezi uso unavimba na kuwa wa duara, sukari inapanda, mifupa inakuwa myepesi, na tezi zilizo juu ya figo zinaacha kutengeneza homoni zake zenyewe, kiasi kwamba mtu akiziacha tembe hizo ghafla anaweza kuzimia na kufa. Hali ilikuwa mbaya hadi Idara ya Sayansi za Tiba ya Thailand ikatengeneza vipimo vidogo vya karatasi ili wahudumu wa afya wa vijijini waweze kuzipima palepale.

Yule mkulima hakuwa mjinga. Alifanya kile ambacho watetezi wa “nilitumia, nikapona” wanatuambia tufanye: alijaribu, akaona matokeo, akatoa ushuhuda. Ushuhuda wake haukuwa na njia yoyote ya kumwonyesha kilichomo ndani ya tembe, wala kinachomsubiri mwaka unaofuata. Hasira yangu ni kwa waliomtilia sumu ile kwenye dawa, na pia kwa wale wanaoendelea kumwambia kwamba neno “asili” likiandikwa kwenye kifuko linatosha kumlinda.

Watetezi watanijibu kwa mifano yao wenyewe, na mfano wanaoupenda ni manjano. Utafiti umeonyesha, wanasema, kwamba manjano yanatibu vidonda vya tumbo sawa na dawa za hospitali. Habari hii ilizunguka sana tangu mwaka 2023, ikatumwa kwenye makundi ya familia na ikawa sababu ya watu kuchemsha manjano asubuhi na jioni. Tuutazame utafiti wenyewe.

Watu 206 nchini Thailand waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Wa kwanza walipewa kurkumini, ile kemikali inayoyapa manjano rangi yake. Wa pili omeprazoli. Wa tatu vyote viwili. Walitumia kwa siku 28. Waliomaliza walikuwa 151, na makundi yote matatu yalipata nafuu inayokaribiana. Ni kazi nzuri na ninaiheshimu. Lakini wagonjwa hawa hawakuwa na vidonda vya tumbo. Walikuwa na tatizo la tumbo kujaa, kushiba upesi na kuuma bila kidonda chochote kuonekana. Hakukuwa na kundi la nne la waliopewa vidonge vitupu peke yake, na tatizo la namna hii ni miongoni mwa yale ambayo watu wengi hupata nafuu hata kwa kidonge kitupu. Kwa hiyo tunajua dawa hizo mbili zilikaribiana. Hatujui kutokana na jaribio hilo ni kwa kiasi gani zote mbili zilizidi kutotumia kitu. Halafu kipimo chenyewe: miligramu 500 mara nne kwa siku, yaani gramu 2 za kurkumini. Unga wa manjano wa dukani una kurkumini kiasi cha asilimia 3 hivi. Anayetaka kufikia kipimo hicho kwa unga ingempasa ale zaidi ya gramu 60 kila siku, siku 28 mfululizo. Na jambo ambalo halikutumwa kwenye makundi ya familia ni kwamba, kwa baadhi ya washiriki wanene waliotumia kurkumini, vipimo vya ini vilionyesha dalili za kuzorota.

Kabla ya hapo, mwaka 2014, watafiti wa Thailand walikuwa wamechapisha jaribio la wagonjwa 367 wenye goti lililochakaa, dondoo la manjano likishindanishwa na ibuprofeni kwa wiki nne. Manjano hayakuachwa nyuma kwa maumivu, na yaliwaumiza tumbo watu wachache kidogo. Hilo ni tokeo lenye manufaa, na mzee asiyevumilia ibuprofeni anaweza kulizungumza na daktari wake. Ila angalia linachosema: dondoo la aina hii, kwa kipimo hiki, kwa goti, kwa wiki nne. Watu walichukua sentensi hiyo iliyopimwa neno kwa neno, wakairudisha kuwa “manjano yanatibu”. Utafiti ukishatendewa hivyo, umegeuzwa hirizi.

Na sasa nifike kwenye kisa ambacho kwangu ni kikubwa kuliko vyote, kwa sababu ndani yake yamo yote mawili, kosa na ujasiri.

Fa thalai chon ni mmea mdogo, mchungu kama shubiri, wataalamu wakiuita Andrographis paniculata. Thailand wanautumia kwa homa na koo, na si kwa kubahatisha: mwaka 1991 ulichapishwa utafiti wa watu wazima 152 wenye koo lililovimba, ambapo gramu 6 kwa siku zilileta nafuu inayolingana na ya paracetamol kufikia siku ya tatu. UVIKO-19 ulipoingia, watafiti wa Chuo Kikuu cha Mahidol walionyesha kwamba kemikali yake kuu, andrografolaidi, inazuia virusi kuzaliana katika seli za mapafu zilizooteshwa maabara. Hospitali zilijaa, chanjo zilikuwa chache, na serikali ikaupigia debe mmea huu. Vidonge viligawiwa hadi magerezani, na maofisa wakatangaza kwamba wafungwa wagonjwa waliovimeza karibu wote wamepona.

Karibu wote! Lakini wafungwa wale walikuwa na dalili nyepesi, na mtu mwenye UVIKO mwepesi, hasa kijana, karibu kila mara hupona hata asipomeza chochote. Bila kuwa na wenzao ambao hawakupewa, asilimia ile haikuwa na maana zaidi ya kusema kwamba waliokunywa chai wamepona.

Kisha likaja jaribio lililotakiwa kumaliza ubishi. Wagonjwa 57: 29 walipewa dondoo, 28 vidonge vitupu. Katika waliopewa dondoo hakuna aliyepata nimonia. Katika wenzao walipata watatu. Ripoti ya awali ilisema uwezekano wa jambo hilo kutokea kwa bahati tu ni mdogo, chini ya 4 katika 100, kwa hiyo dawa inafanya kazi. Nchi ilikuwa na kiu ya habari njema, na hii ilikuwa habari njema.

Lakini hesabu hiyo mtu yeyote anaweza kuirudia kwa penseli. Tuseme dawa haina athari yoyote, na watu watatu kati ya 57 walikuwa wapate nimonia vyovyote iwavyo. Uwezekano wa wa kwanza kuangukia kundi la vidonge vitupu ni 28 kwa 57. Wa pili, 27 kwa 56. Wa tatu, 26 kwa 55. Zidisha zote tatu, unapata 11 na kidogo katika 100. Mara moja katika kila majaribio tisa, bahati peke yake ingekuletea tokeo lilelile. Hicho si kiwango ambacho mtafiti yeyote angekiita ushahidi.

Watafiti wenyewe waliiondoa ripoti yao mwaka huohuo wa 2021, hesabu ilipogundulika kuwa na kosa. Wako walioona hilo kuwa aibu kwa tiba ya Kithai. Wako waliosema shinikizo limetoka kwa wenye chanjo. Mimi naliona kuwa tendo la heshima kubwa kuliko yote katika habari nzima ya fa thalai chon. Watu walikuwa wanakufa, serikali imesimama upande wao, umma unawashangilia, na bado wakasema: hesabu yetu haisimami. Hawakusema mmea haufai. Watu 57 ni wachache mno kusema lolote, la kusifu wala la kukataa. Walikataa tu kudai walichokuwa hawajakipata.

Linganisha tendo hilo na namna tunavyozungumza sisi. Mara ngapi umemsikia muuzaji wa dawa ya mitishamba, au mwanasiasa aliyesimama naye mbele ya kamera, akitaja jambo moja ambalo dawa yake imeshindwa? Utafiti wanaoutaka ni ule unaokuja na jibu mfukoni. Wanauita “uthibitisho” kabla mgonjwa wa kwanza hajaandikishwa. Jaribio ambalo haliruhusiwi kusema hapana halina haja ya kufanywa. Fedha zake afadhali zinunuliwe vyandarua.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo siwezi kuipita, kwa sababu ina ukweli ndani yake. Wanasema utafiti ni mlango wa wizi. Thailand wanalijua hili vizuri. Mmea wao wa plao noi ulichukuliwa na kampuni ya Kijapani ya Sankyo, ikatoa ndani yake kemikali iitwayo plaunotoli, ikaiwekea hataza na kuiuza kama dawa ya vidonda vya tumbo kwa jina la Kelnac. Wathai waliumia, na wana haki ya kuumia. Lakini walijibuje? Walitunga sheria mwaka 1999 ya kulinda na kuendeleza elimu ya tiba yao ya jadi, na wakazidi kutafiti wenyewe, kwa wanasayansi wao na hospitali zao. Anayefungia mmea wake kwa kuogopa mwizi hamzuii mwizi. Anamwachia awe mtu pekee anayejua kilichomo.

Mwisho kuna jambo linalotuhusu sisi moja kwa moja. Kenya na Tanzania zilipoachana na SP kama dawa ya kwanza ya malaria na kuanza kutumia dawa mseto ya ALu, mwaka 2006, nusu ya dawa hiyo ilikuwa imetokana na majani. Nusu hiyo, artemetha, asili yake ni pakanga ya Kichina, mmea ambao tabibu wa China, Ge Hong, aliuandikia maelekezo katika karne ya 4: loweka konzi moja kwenye maji, kamua, kunywa. Mtafiti wa China, Tu Youyou, aliyasoma maelekezo hayo, yakampa wazo la kuitoa dawa bila kuiunguza kwa moto, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Watetezi wa umri wa dawa humtaja sana. Wasichokitaja ni kilichofuata.

ALu ilipojaribiwa kwa mara za kwanza mgonjwa alipewa dozi nne. Ni nchini Thailand, penye malaria sugu kuliko sehemu nyingine nyingi za dunia wakati ule, ambapo dozi nne zilishindanishwa na dozi sita kwa wagonjwa 359. Kwa dozi nne, waliokuwa wamepona kabisa baada ya siku 28 walikuwa kiasi cha 83 katika kila 100. Kwa dozi sita ndani ya siku tatu walifika 97. Dawa ilikuwa ileile, yenye asili ileile ya miaka 1,600, na kwa dozi nne ilikuwa inawaacha wagonjwa 17 katika 100 na vimelea damuni. Mtu aliyekuja kuithibitisha tu angeridhika na 83 na kuiita ushindi. Vidonge 24 ambavyo mtu mzima anapewa leo kwenye zahanati ya Kigoma au ya Kisumu, vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku tatu, ni hesabu iliyotoka kwenye majaribio yale, na dozi mbili za mwisho zimo kwa sababu watafiti waliandika wazi kwamba nne hazikutosha.